Ukienda kununua redio ya mezani, funga macho

Mwaka 2000 Henry Kloss, mhandisi wa Kimarekani aliyekuwa na umri wa miaka 71, aliingiza sokoni redio ya mezani yenye vitu vitatu tu vya kuzungusha: kimoja cha kuwasha na kuchagua AM au FM, kimoja cha sauti, na gurudumu kubwa la kutafutia stesheni. Haikuwa na saa. Haikuwa na mlango wa kaseti wala wa CD, na hata spika ya pili haikuwa nayo. Spika yake moja ya inchi 3 ilikaa ndani ya kisanduku cha mbao chenye upana wa sentimita 21 hivi. Redio hiyo, Model One ya kampuni ya Tivoli Audio, ilisifiwa na wakaguzi wa vifaa vya sauti, na hadi leo hutajwa kila yanapokuja mazungumzo ya redio ndogo yenye sauti nzuri.

Kilichoipa sifa ni kwamba gharama ilielekezwa kwenye spika, kwenye boksi na kwenye sehemu inayoshika mawimbi. Mapambo yaliachwa.

Anayeingia leo Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, hukuta mambo yamepangwa kinyume. Mezani zimejaa redio za plastiki zenye tochi, paneli ndogo ya sola, sehemu ya flashi na memori kadi, taa za rangi zinazocheza na mdundo, na betri ya BL-5C, ile ile iliyotumika kwenye simu za Nokia. Kila kimoja kina kazi yake, na mahali ambapo umeme haujafika tochi na sola si anasa hata kidogo. Lakini mtu anayetaka redio ya kukaa sebuleni au jikoni miaka mingi, asubuhi habari na jioni muziki, hataambiwa na taa hizo lolote kuhusu sauti. Itabidi asikilize mwenyewe.

Somo la hewa iliyofungiwa

Kloss alikuwa ameshughulika na sauti ya boksi dogo kwa karibu nusu karne kabla ya Model One. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa jeshini, alisoma kwa Edgar Villchur, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha New York. Wakati huo besi nzito ilihitaji boksi la spika kubwa kama kabati. Villchur alifikiri tofauti: spika ifungwe ndani ya boksi dogo lisilopitisha hewa, na hewa ile iliyofungiwa ndiyo iirudishe spika mahali pake. Anayeziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole kisha akasukuma mpini huihisi nguvu hiyo hiyo mkononi.

Viwanda alivyoviendea vililikataa wazo hilo. Mwaka 1954 Villchur na Kloss wakaanzisha kampuni yao, Acoustic Research, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, na spika yao ya kwanza, AR-1, ikaonyesha kwamba boksi la kuwekwa kwenye rafu linaweza kutoa besi safi. Mwaka 1957 Kloss alikwenda kuanzisha KLH pamoja na wenzake wawili, na mwaka 1960 kampuni hiyo ikatoa Model Eight, redio ya FM ya valvu iliyouzwa katika visanduku viwili vya mbao, kimoja cha redio na kingine cha spika. Kloss alifariki Januari 2002, Model One ikiwa bado mpya madukani.

Wajerumani walikuwa wamefika karibu na hapo kwa njia nyingine, tena kwa kulazimika. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mpango wa masafa uliokubaliwa Copenhagen mwaka 1948 uliwaachia nafasi chache sana kwenye mawimbi ya kati. Wakakimbilia FM mapema, wakaanza kurusha matangazo mwaka 1949. FM ilikuwa na sauti pana na safi, hivyo viwanda kama Grundig, Telefunken, Saba na Nordmende vikashindana kutengeneza redio zinazoweza kuitoa sauti hiyo: maboksi makubwa ya mbao, spika pana ya mbele, na nyingine ndogo pembeni za kusambaza sauti za juu. Redio nyingi za miaka hiyo zilizotunzwa bado zinawashangaza wanaozisikia kwa mara ya kwanza.

Sauti ya mtangazaji ndiyo kipimo

Redio ya Kiswahili ni ya maneno tangu mwanzo wake. Sauti ya Dar es Salaam, iliyokuja kuwa Radio Tanzania, iliingia hewani mwaka 1951. BBC ilianza matangazo yake ya Kiswahili Juni 27, 1957. Nchini Kenya, Leonard Mambo Mbotela alianza kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? mwaka 1966, akakiendesha kwa miongo mingi na kuwafanya watu waitambue sauti yake kabla hajataja jina. Taarifa ya habari, mpira, salamu, mchezo wa redio, mawaidha, matangazo ya vifo: sehemu kubwa ya kinachosikilizwa majumbani ni mtu anayezungumza.

Kwa hiyo jaribio la kwanza dukani ni kumtafuta mtangazaji anayesoma habari, si wimbo. Muuzaji huweka muziki wenye mdundo kutoka kwenye flashi kwa sababu mdundo huficha mengi. Mwombe atoe flashi, afungue FM, kisha funga macho.

Sauti ya kawaida ya mwanaume huanzia kati ya hezi 85 na 180 hivi, na ya mwanamke kati ya 165 na 255. Hapo ndipo unapokaa uzito wa sauti, ile hali ya kuhisi kwamba kifua cha mtu kinazungumza. Mivumo ya s, sh na f iko juu zaidi, maelfu kadhaa ya hezi. Simu ya zamani ya waya iliishia hezi 3,400, na ndiyo maana mtu akitaja jina geni kwa simu hiyo ilibidi alirudie. Redio nzuri hutoa pande zote mbili kwa kiasi. Mtangazaji akisoma “shilingi sitini na sita”, kila s isikike bila kuchoma sikio, na wakati huo huo sauti yake isigeuke kuwa nyembamba. Kama kila neno linasindikizwa na mvumo mmoja usiobadilika, hilo ni boksi linalozungumza pamoja na msomaji.

Jaribio hili lifanyike kwenye FM. FM husafirisha sauti hadi hezi 15,000. Kwenye mawimbi ya kati (AM) vituo vimepangwa kwa nafasi ya kilohezi 9 baina yao, na sauti inayobaki haizidi sana hezi 4,500. Redio ile ile itasikika imefifia kwenye AM, na hapo kosa si lake.

Jaribio la pili ni kupunguza sauti mpaka ifikie kiwango cha kusikiliza usiku watoto wamelala. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs walionyesha kwamba sauti ikipungua, sikio la binadamu hupoteza besi kwanza. Redio nyingi zinazonguruma vizuri dukani hubaki na sauti ya bati zikipunguzwa. Iliyobuniwa kwa uangalifu huongeza besi kidogo yenyewe katika kiwango cha chini, kwa hiyo mazungumzo yanaendelea kufuatika bila msikilizaji kusogeza sikio.

La tatu ni kupandisha hadi robo tatu ya mzunguko. Sauti ikianza kukwaruza au plastiki ikatetemeka, huo ndio mwisho wa redio hiyo, hata kama namba kwenye kinobu zinaendelea.

Muziki uje baada ya hapo, na uwe muziki ambao mnunuzi anaujua kwa moyo. Wimbo wa dansi unafaa sana kwa sababu ndani yake mna gitaa la besi, tumba, magitaa mawili matatu yanayojibizana na tarumbeta. Uzi mnene wa gitaa la besi hutoa hezi 41, na hakuna spika ya inchi 3 ya redio ya mezani inayofika huko. Hata hivyo noti husikika, kwa kuwa ubongo huikamilisha kutokana na sauti za juu zinazoandamana nayo. Kinachotakiwa ni kuweza kuifuata besi noti kwa noti. Ikisikika “bum” ile ile kila mara, bila kujali mpigaji amehamia wapi, boksi linadanganya. Kwa mpenzi wa taarabu, kipimo ni kanuni na fidla: mdonoo wa kanuni ubaki peke yake hata fidla zote zinapoingia.

Gonga boksi, tazama spika

Kidole kinaweza kusema mengi kabla redio haijawashwa. Gonga ubavu na mgongo wa boksi. Mbao nene, au plastiki nzito iliyotiwa mbavu kwa ndani, hutoa mlio mfupi unaokufa papo hapo. Plastiki nyembamba hulia na kuendelea kulia, na mlio huo utaongezwa kwenye kila wimbo. Inua pia: sumaku ya spika, transfoma na boksi lenye unene vina uzito, na redio kubwa iliyo nyepesi mno imepungukiwa kimojawapo.

Spika ya inchi 3 au 4 iliyotengenezwa vizuri inatosha chumba cha kawaida. Spika mbili zilizotenganishwa kwa upana wa kiganja hazimpi msikilizaji stereo anayeahidiwa kwenye kasha, kwani aliyekaa mita mbili mbali husikia kitu kimoja. Ni heri fedha ya spika mbili hafifu iende kwenye moja nzuri. Tena kituo kinachoshikwa kwa shida hutoa chenga nyingi zaidi kikiwa kwenye stereo kuliko kwenye mono, kwa hiyo swichi ya kuirudisha redio kwenye mono ni kitu cha kuulizia.

Angalia spika inaelekea wapi. Redio kadhaa za kisasa zimeiweka juu au nyuma ili uso ubaki kwa ajili ya kioo na vitufe. S na sh husafiri kwa kunyooka, na zikielekezwa darini au ukutani maneno hupoteza makali.

Wati za kwenye kasha

Hakuna sehemu inayopoteza wanunuzi wengi kama hii. Kasha huandikwa wati 1,000, 3,000 au zaidi, na pembeni herufi ndogo PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayotambulika, na mtengenezaji huandika apendavyo. Kinachofaa kutafutwa ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa kwa kuendelea.

Zipo njia za kuhakiki pale pale dukani. Geuza adapta usome maandishi yake. Ikiwa ni volti 12 na ampea 1, inaingiza wati 12, na hakuna fundi duniani atakayetoa wati 1,000 za kudumu humo. Kwa redio ya mezani wati 3 hadi 5 za kweli zinajaza chumba. Kuongeza wati mara mbili kunaleta tofauti ndogo tu sikioni, desibeli 3. Ili sauti isikike kana kwamba imeongezeka maradufu, nguvu inatakiwa kuzidishwa karibu mara kumi. Anayetaka kutikisa madirisha ya ukumbi anatafuta sabufa, na hicho ni kifaa kingine chenye kazi nyingine.

Kushika stesheni

Spika bora haisaidii kama stesheni inakoroma. Katika miji yenye vituo vingi vya FM, tatizo kubwa ni kituo chenye nguvu kumeza jirani yake dhaifu. Dukani, tafuta kituo hafifu kilicho karibu na chenye nguvu, uone kama kinasikika peke yake. Kwa redio ya gurudumu, zungusha taratibu: mshale uende bila kuruka, na stesheni ikishashikwa ibaki hapo hata redio ikipata joto.

Antena ya kuvuta inayofikia sentimita 75 hivi ndiyo saizi inayooana na FM, maana huo ni robo ya urefu wa wimbi katika megahezi 100. Redio yenye tundu au skrubu za antena ya nje ina faida kubwa kwa wanaoishi mbali na mtambo. Kwa mawimbi ya kati antena iko ndani, kijiti cha feraiti, na kurefusha ile ya kuvuta hakubadilishi kitu. Igeuze redio yenyewe kushoto au kulia. Usiku mawimbi hayo husafiri mbali zaidi kuliko mchana, hivyo redio isihukumiwe kwa AM ya saa sita adhuhuri.

Wengi sasa huuliza Bluetooth, na ni swali la haki. Inafaa kwa nyimbo zilizo kwenye simu na kwa vituo vya mbali. Lakini FM haili bando, na mtandao ukikatika taarifa ya habari inaendelea. Umeme nao hukatika, kwa hiyo sehemu ya betri kubwa za kawaida, zinazopatikana kila duka la mtaani, ina thamani kuliko betri ya kuchaji ambayo mbadala wake hakuna anayeuuza.

Mtumba una mitego yake

Redio nzuri za zamani huingia kupitia mitumba, na baadhi zina sauti kuliko mpya za bei hiyo hiyo. Nchi zilikotoka ndizo za kuangaliwa.

Wenye magari ya Japani wanalijua tatizo hili barabarani: redio nyingi za magari hayo huanzia megahezi 76 na kuishia 90, huku vituo vingi vya Afrika Mashariki viko kati ya 90 na 108. Redio nyingi za mezani za Kijapani zina kasoro hiyo hiyo, na juu yake zinataka umeme wa volti 100. Za Marekani hutumia volti 120, na zile za tarakimu mara nyingi huruka kwa hatua ya 0.2, zikipita kwenye namba witiri tu. Capital FM ya Nairobi iko 98.4, redio ya namna hiyo itasimama 98.3 au 98.5. Pia Wamarekani hurekebisha sauti za juu za FM kwa kipimo tofauti na cha huku, kwa hiyo vituo vyetu husikika vimefifia kidogo kwenye redio zao. Nyingi za Ulaya hazina usumbufu, volti 230 na masafa yale yale. Walio ughaibuni wana hesabu nyingine: Norway ilizima FM ya kitaifa mwaka 2017, na huko redio isiyo na DAB, mfumo wa redio ya kidijitali, itapata vituo vichache vya mitaa tu.

Kwenye redio ya mtumba, zungusha kinobu cha sauti mara kadhaa. Mkwaruzo unaopungua kadiri unavyozungusha ni vumbi, na fundi huusafisha haraka. Bonyeza karatasi ya spika katikati kwa vidole viwili, polepole: irudi bila kukwaruza. Mvumo mzito usiobadilika hata sauti ikiwa sifuri huashiria kapasita zilizochoka, kazi ya kawaida kwa fundi redio. Redio ya valvu isifunguliwe na asiye fundi, kwa kuwa ndani yake mna volti za kuua hata baada ya kuchomolewa.

Ikishafika nyumbani

Mahali inapowekwa redio hubadilisha sauti kuliko watu wanavyodhani. Ikisogezwa karibu na ukuta besi huongezeka, na ikiwekwa kwenye kona huongezeka zaidi, pengine kupita kiasi. Yenye sauti nyembamba ipelekwe ukutani. Inayovuma isogezwe mbele. Meza ikitetemeka nayo, kitambaa kilichokunjwa chini ya miguu yake hutosha. Urefu unaofaa ni wa masikio ya waliokaa, na dirishani FM hushika vizuri zaidi kuliko nyuma ya friji.

Siku za kwanza zitumike kuijaribu katika hali halisi ya nyumba, risiti ikiwa bado ina nguvu. Iwashwe kwa umeme kisha kwa betri, msikilizaji alinganishe kama kuna mvumo unaotoka kwenye adapta. Iwashwe usiku taa zote zikiwaka, maana balbu za LED za bei nafuu na chaja za simu huingiza kelele, hasa kwenye AM. Kuzichomoa moja moja kutamwonyesha mkosaji. Kama chenga zinabaki hata baada ya vyote kuzimwa na antena kugeuzwa kila upande, redio irudishwe dukani pamoja na kasha lake, na ombi la kwanza kwa muuzaji liwe kufungua nyingine ya aina ile ile, kwenye stesheni ile ile, ili zisikilizwe zote mbili zikiwa zimewekwa pamoja.